Siku Nne Zilizotugharimu

Tulifunga ndoa Ijumaa. Miadi yetu kwa notari, wakili wa kutuandikia mkataba wa mali wa kabla ya ndoa, ilikuwa Jumanne iliyofuata. Siku nne hizo zilikuja kutula zaidi ya randi 40,000, karibu miaka miwili ya barua za mawakili, na usiku mwingi ambao mimi na mke wangu tulilala tumepeana migongo. Nimeona niandike kwa sababu bado nawasikia watu wa kwetu huku Johannesburg wakiambiana maneno yaleyale tuliyoambiwa sisi: "Msiwe na haraka, mna miezi mitatu."

Hiyo miezi mitatu nitaieleza. Ndiyo iliyotuponza.

Mimi ni mwanamke, mtoto wa Malindi. Nilikuja huku mwaka 2011 kusoma uhasibu, nikapata kazi, nikabaki. Mke wangu ni mzaliwa wa Soweto, mwokaji mikate. Tulijuana 2013, nilipokuwa napita dukani kwake kila asubuhi nikitafuta kitu kinachokaribiana na mahamri. Hakuwa nacho. Siku moja akaniambia nije nimfundishe kuyapika, nikaja na iliki yangu mfukoni, na kuanzia hapo hatukuachana.

Kwa aliyekulia pwani ya Kenya, ndoa ya wanawake wawili ni jambo ambalo hata ukiliwaza unaliwaza kwa kunong'ona. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 45, inampa mtu mzima haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti, ikaishia hapo. Afrika Kusini nilikuta katiba ya 1996 iliyoandika wazi kwamba mtu asibaguliwe kwa sababu ya mwelekeo wake wa kimapenzi. Nilikuta pia watu wanaokumbuka tarehe 1 Desemba 2005, siku Mahakama ya Katiba ilipotoa hukumu katika kesi ya Marié Fourie na Cecelia Bonthuys. Jaji Albie Sachs ndiye aliyeiandika. Mahakama ililipa Bunge miezi 12 kurekebisha sheria, na tarehe 30 Novemba 2006, siku moja tu kabla muda haujaisha, Sheria ya Muungano wa Kiraia ikaanza kutumika. Nchi hii ikawa ya tano duniani na ya kwanza Afrika kuruhusu ndoa za jinsia moja.

Nayasema haya ili ueleweke moyo tulioingia nao kwenye ndoa. Wenzetu walipigania haki ile mpaka wakaipata, kuanza kuulizana "na gari litakuwa la nani?" tuliona ni kutia kitumbua mchanga. Mimi mhasibu, ninayewapangia watu wengine vitabu vyao vya hesabu kila mwisho wa mwezi, niliona aibu kumuuliza mpenzi wangu anadaiwa kiasi gani.

Hata hivyo tulijua tunataka mkataba, na sababu ilikuwa yangu. Bibi yangu aliniachia shamba la minazi na mikanju huko Malindi, ekari tatu, hati ikiwa kwa jina langu. Nilitaka shamba lile libaki nje ya kila hesabu. Mwenzangu alikubali bila neno. Tukapanga notari, yaani wakili aliyefuzu mtihani wa ziada na kuruhusiwa kuandika hati za aina hiyo, kwa randi 2,200 pamoja na usajili. Ndoa yenyewe tuliipanga wiki mbili baadaye. Mpangilio ulikuwa sahihi kabisa, na kama tungeushika nisingekuwa naandika leo.

Kilichotuvuruga ni hiki. Tulipokwenda kuthibitisha tarehe kwenye ofisi ya serikali tuliyochagua, afisa alituambia dhamiri yake haimruhusu kuwafungisha wanawake wawili. Ofisi sitaitaja. Wakati ule, Machi 2017, kifungu cha 6 cha Sheria ya Muungano wa Kiraia kilimruhusu afisa wa serikali kukataa ndoa za jinsia moja mradi amemwandikia waziri. Bunge lilikifuta 2020. Kwetu kilikuwa bado hai, na tulitoka pale mke wangu mtarajiwa analia ndani ya gari, hataki hata kuwasha injini. Nikapiga simu ofisi nyingine. Mama mmoja mwenye sauti ya upole akasema, "Kuna nafasi Ijumaa hii, mtu ameahirisha. Mnaitaka?"

Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Ndipo nikakumbuka Jumanne ya notari. Nikamuuliza rafiki wa kazini, mtu aliyeoa na mwenye mkataba wake, akanijibu kwa nia njema kabisa: msijali, mna miezi mitatu.

Ijumaa ile sitaisahau. Sheria inataka mashahidi wawili; sisi tulikwenda na dada yake na jirani yangu, mama wa Mombasa aliyekuwa akiishi Yeoville miaka 20, ambaye aliniita pembeni mlangoni akaniambia, "Mwanangu, leo mimi ndiye mama yako." Afisa alituuliza, kama sheria inavyomtaka aulize, tunataka uhusiano wetu uitwe ndoa au ushirika wa kiraia. Tulijibu kwa pamoja, kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika: ndoa.

Jumanne tukaenda kwa notari na keki iliyobaki. Akapokea vitambulisho, akauliza ndoa ni lini. Tukamwambia Ijumaa iliyopita. Akaweka kalamu chini.

Sasa ile miezi mitatu. Mkataba wa kabla ya ndoa nchini humu ni lazima usainiwe mbele ya notari kabla ndoa haijafungwa. Miezi mitatu ni muda ambao hati hiyo iliyokwisha kusainiwa inapaswa iwe imesajiliwa kwa Msajili wa Hatimiliki, na huhesabiwa kuanzia siku ya sahihi. Ni kazi ya notari, wewe huhitaji hata kwenda. Rafiki yangu alikumbuka muda, akasahau ni muda wa nini. Na mtu akifunga ndoa bila mkataba, sheria haimwachi mtupu: inampa ndoa ya mali ya pamoja. Kuanzia dakika ile afisa alipotutangaza, kila nilichokuwa nacho na kila alichokuwa nacho vilikuwa chungu kimoja, nusu kwa nusu. Na madeni vilevile. Hata yale aliyoyabeba mmoja wetu miaka mingi kabla hatujaonana.

Notari yule alitushauri jambo la maana, na hapa kosa ni letu wenyewe, halina wa kumsukumia. Alisema kuna kifungu cha 21 cha Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 1984, kinachowaruhusu wanandoa kwenda pamoja Mahakama Kuu kuomba kubadilisha mfumo wao wa mali. Akasema, "Nendeni sasa hivi, wakati hamdaiwi na hakuna wa kupinga." Akataja gharama. Tukatazamana. Tulikuwa tumetoka tu kulipia sherehe, na shamba la Malindi lilikuwa mbali, na mapenzi yalikuwa motomoto. Tukasema tutarudi mwakani. Hatukurudi.

Machi 2020 nchi ilifungwa kwa sababu ya korona. Duka la mikate halikufunguka tena vizuri. Kufikia Oktoba alikuwa ameuza oveni moja na kurudisha funguo. Tulihuzunika, lakini nilijua kampuni ni kampuni na mtu ni mtu. Deni la pango lilikuwa la kampuni. Ndivyo nilivyofikiri mpaka Mei 2021, samansi ilipoletwa nyumbani ikiwa na jina lake. Mwaka 2015, alipokodi lile jengo, alitia sahihi karatasi ya pili nyuma ya mkataba wa pango: alijiweka mdhamini binafsi wa kampuni yake. Miaka miwili kabla ya ndoa. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Sikukuficha. Nilisahau kama karatasi ile ipo." Leo namwamini. Siku ile sikumwamini, na nilimwambia maneno ambayo nimeyaomba radhi zaidi ya mara moja.

Baada ya hukumu akaja sherifu, yule ambaye nyumbani tungemwita dalali wa mahakama. Alikuwa kijana mwenye adabu. Alizunguka nyumba na daftari, akaandika friji, televisheni, viti, kisha akatoka nje akaandika gari langu. Gari nililonunua 2014 kwa mshahara wangu, kadi ikiwa kwa jina langu. Nilimwonyesha kadi. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Mlifunga ndoa na mkataba?" Nilipomwambia hapana, akaendelea kuandika.

Gari halikuuzwa. Wakili alitusaidia kupatana na mwenye jengo, tukalipa kwa awamu kwa miezi 14, mshahara wangu ukibeba sehemu kubwa. Randi hizo sizihesabu ndani ya zile 40,000. Deni lilikuwa la haki, mtu alikuwa na jengo lake na alitakiwa alipwe. Kilichoniuma ni kwamba kama tungesaini kabla ya Ijumaa ile, akiba yangu na gari langu visingekuwa vya kushikwa, na tungeweza kumlipa kwa utulivu, kwa hiari, bila mtu kuandika viti vyetu.

Deni lilipoisha ndipo tukaenda mahakamani, Mahakama Kuu ya Mtaa wa Pritchard. Ambaye hajapita njia hii aelewe kwamba haifanani na kubadilisha jina kwenye akaunti ya benki. Mahakama inataka kuridhika na mambo matatu: mna sababu za msingi, wadai wenu wote wamepewa taarifa ya kutosha, na hakuna mtu atakayeumizwa na mabadiliko. Kila mmoja aliandika hati ya kiapo, akiorodhesha mali na madeni mpaka kadi ya duka la nguo yenye deni la randi 600. Taarifa ilitangazwa kwenye Gazeti la Serikali na magazeti mawili, kila mdai akapelekewa barua ya posta yenye stakabadhi, na Msajili wa Hatimiliki naye akaarifiwa. Kusoma majina yetu mawili gazetini, "waliooana chini ya Sheria ya Muungano wa Kiraia", kulinitia baridi. Niliwaza ni nani wa nyumbani anasoma. Kwa hiyo ukiwa kama mimi, ambaye ndugu wengi hawajui, tambua kwamba mkataba wa kabla ya ndoa huandikwa ofisini kimyakimya, ilhali kuurekebisha baadaye hutangazwa.

Amri ilitoka mapema 2023. Tukarudi kwa notari yuleyule. Hakutukumbusha lolote, alituandalia chai.

Kwenye mkataba wenyewe nitakaa kidogo, maana hapa watu husaini wasichokisoma. Ukiacha mali ya pamoja, zipo njia mbili. Ya kwanza ni kutenganisha kabisa: chako chako, changu changu, mpaka kufa. Ya pili ni kutenganisha pamoja na kugawana ongezeko. Kila mmoja anataja thamani aliyoanza nayo. Ndoa ikiisha, kwa kifo au talaka, mnaangalia nani mali yake imekua zaidi, na aliyekua kidogo anadai nusu ya tofauti. Chukua mfano: mali yangu imeongezeka kwa randi 300,000, yake kwa 100,000. Tofauti ni 200,000, basi ananidai 100,000. Urithi na zawadi mtu anazopata ndani ya ndoa havihesabiwi, isipokuwa mkiandika vingine; kilichorithiwa kabla ya ndoa, kama shamba la bibi, hubaki pembeni kikiandikwa hivyo kwenye mkataba. Na madeni ya mmoja hayamgusi mwenzake wakati ndoa inaendelea.

Rafiki wengi walinishauri kutenganisha kabisa, baada ya yaliyonipata. Nilikataa. Tangu duka lifungwe, mke wangu ndiye aliyekuwa akiiendesha nyumba, ndiye aliyeniuguza nilipolazwa wiki tatu, na mimi nikawa huru kupanda cheo. Kumwambia kwamba yote niliyokusanya miaka ile ni yangu peke yangu ingekuwa dhuluma iliyopigwa muhuri. Oktoba mwaka huohuo wa 2023 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba hata waliooana kwa kutenganisha kabisa baada ya Novemba 1984 wanaweza, wakiachana, kumwomba jaji awagawie haki. Ni hukumu njema, lakini ni ya kuiombea mahakamani, na mahakama nimeshaiona. Afadhali haki iandikwe tangu mwanzo.

Taja thamani ya kuanzia, tafadhali. Usipoitaja, sheria huchukulia ulianza na sifuri mpaka uthibitishe vingine, na kila ulichokuja nacho kitahesabiwa kuwa ongezeko. Sisi tulikaa mezani Jumamosi nzima na taarifa za benki. Ilikuwa mara ya kwanza, baada ya miaka kumi pamoja, kila mmoja kuona hesabu za mwenzake zote. Nilitarajia ugomvi. Badala yake alinionyesha deni dogo la dada yake alilokuwa analilipa kwa siri, nami nikamwonyesha fedha ninazotuma Malindi kila mwezi, tukacheka na kulia kidogo.

Kwa sisi tuliotoka nchi nyingine kuna jambo ambalo mawakili wengi hawalitaji mpaka uwaulize. Sheria ya zamani ya huku inasema, wanandoa wasipokuwa na mkataba, mali yao hufuata sheria ya nchi yenye makazi ya kudumu ya mume siku ya ndoa. Wanawake wawili, mmoja wa Kenya na mmoja wa Soweto: mume ni nani? Wanaume wawili je? Sheria iliyofungua mlango wa ndoa haikujibu swali hili waziwazi. Dawa yake ni sentensi moja ndani ya mkataba, inayosema mali yetu itaongozwa na sheria ya Afrika Kusini popote tutakapoishi. Hakikisha imo.

Kisha kuna nyumbani. Mei 2019, Mahakama Kuu ya Nairobi ilipokataa kufuta vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni za Adhabu, vinavyotumika kuharamisha mapenzi ya jinsia moja, nilikuwa dukani kwa mke wangu nikisikiliza kwa simu. Siku ile nilielewa kwamba cheti changu cha ndoa hakina uzito hata wa karatasi Malindi. Nikifa bila wosia, sheria ya Kenya itatafuta mume, watoto, wazazi, ndugu, yeye hatakuwemo. Mkataba wa Johannesburg hauwezi kuziba pengo hilo. Nikaandika wosia wa Kenya, kwa wakili wa Kenya, mbele ya mashahidi wawili ambao hawarithi chochote. Ndani yake mke wangu ametajwa kwa jina lake kamili na namba ya pasipoti, bila neno "mke", ili pasiwe na neno la kubishania. Wakili alinieleza pia kwamba asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya zaidi ya kukodishwa miaka 99, hivyo hata nikimwachia shamba, atalipata kwa kipimo hicho. Tuliamua shamba liende kwa mpwa wangu wa kike, na mke wangu apate mazao ya minazi maisha yake yote. Kwa jambo hilo tulibishana wiki nzima, na sina hakika hata leo kwamba amelikubali moyoni.

Tahadhari moja kuhusu wosia mbili. Rasimu ya kwanza ya ule wa Afrika Kusini ilikuwa na sentensi ya kawaida kabisa: "Nafuta wosia zangu zote za awali." Ningeisaini, ule wa Kenya ungekufa hapohapo. Sasa kila mmoja unasema unahusu mali ya nchi ile tu.

Desemba iliyopita vijana wawili wa Bukavu, wanaume, waliniomba niwe shahidi wao. Mmoja ana cherehani tano na mafundi wawili, mwingine ni dereva. Niliwauliza habari ya mkataba, yule fundi akasema, "Dada, tumeambiwa tuna miezi mitatu." Nikachukua likizo ya siku moja nikawapeleka mwenyewe. Yule dereva alikuwa amenuna njia nzima, akidhani mwenzake anamficha cherehani. Notari aliwasomea ukurasa kwa ukurasa kwa Kifaransa. Waliziorodhesha cherehani zote tano, na ile bovu pia, wakasaini Jumatano saa nne asubuhi. Ndoa ilikuwa Jumamosi.